Msitafute Mlozi, Tazameni Chungu

Kila mwaka katika parokia zetu twawazika watu walioanguka ghafula. Mmoja alilala mzima, akaamka amepooza upande wa kuume, mdomo umekwenda kando. Mwingine alianguka shambani, mwingine njiani kwenda kazini, wala hawakusema neno tena. Na mara nyingi, kabla udongo wa kaburi haujakauka, swali lilelile laulizwa kwa sauti ya chini penye kilio: "Nani amemla?" Hapo vidole vyaanza kunyoshwa. Mara ni shangazi mjane akaaye nyuma ya nyumba, mara ni jirani waliyegombana naye kwa ajili ya kiwanja. Mama mzee afukuzwa kama mbwa, watoto wagawanyika, ndugu hawasalimiani tena. Lakini chungu kilichompikia marehemu kwa miaka 30, hakuna akishitakiye. Chabaki mekoni, na jioni ileile chawapikia wafiwa mchuzi uleule.

Sisi twasema wazi, ijapokuwa wengine watachukizwa: tuache kutafuta mlozi, tutazame chungu. Wengi katika hao walioanguka waliuawa na ugonjwa wa presha, ambao mijini mwetu huitwa tansio. Ugonjwa huu wajulikana, wapimwa, watibiwa, na mara nyingi chakula chaweza kuuzuia au kuupunguza nguvu. Kumsingizia mjane wakati mwuaji yumo katika mchuzi ni uwongo, tena ni uwongo unaoua mara mbili: wamwua mjane kwa aibu, na kesho wamwua mtoto wa marehemu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kitu.

UGONJWA WENYEWE

Moyo wasukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika bomba. Damu ikipita yakaza kuta za mishipa, na nguvu hiyo ndiyo ipimwayo na mganga anapotufunga kitambaa mkononi. Anapata hesabu mbili: ya juu, moyo unapobana, ya chini, moyo unapopumzika. Hesabu ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, au zikipita hapo, na siku nyingine zikaonekana vilevile, mtu huyo ana presha.

Chumvi yaingiaje katika jambo hili? Chumvi yavuta maji. Mtu akila chumvi nyingi, mwili washika maji ili kuizimua, wingi wa damu waongezeka ndani ya mishipa, na figo zatwikwa mzigo wa kuitoa. Kwa siku moja mwili wavumilia. Kwa miaka 20 mishipa yawa migumu na moyo wachoka. Mwisho mshipa wa ubongo wapasuka au waziba, ndiyo kupooza. Au moyo washindwa kazi. Au figo zafa. Na katika miaka hiyo yote mwenye ugonjwa huenda asisikie maumivu yo yote. Alima, aimba kwaya, acheka na wenzake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatusemi kwamba chumvi ni sababu peke yake. Uzee una sehemu yake, na urithi wa ukoo, na unene, na kukaa bila kazi ya mwili, na pombe. Lakini ukoo hatuwezi kuuchagua, na uzee hatuwezi kuurudisha nyuma. Chumvi twaitia sisi wenyewe kwa mkono wetu.

Wala tusidhani kwamba hii ni siri ya Afrika. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wakubwa wa dunia wakati wa vita. Mwezi wa Machi 1944 mganga wa moyo alimpima akakuta 186 kwa 108, akamwagiza pamoja na mengine apunguze chumvi. Lakini siku zile dawa za presha tulizo nazo leo hazikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945 alisema kichwa chamwuma sana, akazimia, akafa siku ileile, naye ana miaka 63. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Hakuna shangazi aliyefukuzwa.

WASEMAYO WATU, NA JIBU LETU

1. "Huo ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri."

Zamani neno hili lilikuwa na ukweli. Mganga mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, alifanya kazi Kenya karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka wa 1929 aliandika kwamba alipima watu 1,000 wa nchi ile, na presha yao haikupanda kwa uzee kama ya Wazungu. Tena kwa muda wa miaka kama 2 walilazwa hospitalini mwake wagonjwa 1,800, wala hakuona hata mmoja wa presha. Basi, wenye kusema hivi wanasema habari za mwaka wa 1929! Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika mwaka wa 2023 kwamba katika kanda yake ya Afrika watu wazima 27 kwa kila 100 wana presha, na katika kanda ya Amerika ni 18 kwa 100. Tena wagonjwa wawili kwa kila watatu ulimwenguni wanakaa katika nchi za maskini na za mapato ya kati. Damu yetu haikubadilika tangu siku za Donnison. Kilichobadilika ni maisha yetu, na chungu ni sehemu yake.

2. "Ni ugonjwa wa mawazo. Mtu mwenye shida nyingi apata presha."

Hatukatai kwamba hofu na vita na madeni vyautesa moyo. Nchi yetu yajua mambo hayo kupita nyingi. Lakini sikilizeni. Waganga waliwafuata Wajaluo wa Kenya waliotoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Habari zao zilitolewa mwaka wa 1990. Kabla ya miezi mingi kupita, presha ya wale wa mjini ilikuwa imepanda kuliko ya wale wa kijijini. Je, ni mawazo tu? Waganga walipima pia mkojo, na mkojo hauna sababu ya kusema uwongo: ulionyesha kwamba wale wa mjini wala chumvi zaidi, na kwamba wamepungukiwa na potasiamu, ile madini iliyomo katika matunda, majani na viazi, isaidiayo mwili kutoa chumvi. Waliacha chakula cha shamba, wakashika chakula cha duka. Ndivyo ilivyo kwetu: kijana atokaye Moba au Kasenga kwenda Lubumbashi asema, "Mawazo ya mji yataniua." Mawazo hatuwezi kuyamwaga yote. Mchuzi twaweza kuupunguzia chumvi leo jioni.

3. "Babu zetu walikula chumvi, wakaishi miaka mingi."

Walikula, ndiyo, lakini kwa kiasi gani? Chumvi ilikuwa mali. Ilitoka Uvinza ikavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi. Huku Katanga ilichotwa Mwashya na mahali pengine pachache, ikabebwa kichwani siku nyingi, ikauzwa kwa jembe na kwa mbuzi. Nani angeimwaga kwa mkono mzima? Mahali pengi mama walichoma majani ya mtoni, wakachuja majivu, wakapikia maji yake. Na chumvi hiyo ya majivu kwa sehemu kubwa ni potasiamu, si ile chumvi ya dukani. Leo chumvi ni kitu rahisi kupita vyote sokoni. Na hapa ndipo maskini anaposhikwa: akikosa samaki na nyama, aongeza chumvi katika majani ili bukari ishuke. Wasemao kwamba presha yafuata matajiri hawajatazama sahani ya mwenye njaa.

4. "Chumvi yazuia rovu."

Neno hili ni la kweli nusu. Wazee wa Kivu wakumbuka shingo zilizovimba, na kisiwa cha Idjwi kilijulikana hata Ulaya kwa ugonjwa huo. Chumvi ya siku hizi hutiwa iodi, nayo yatukinga. Tununue hiyo yenye iodi, wala tusiiache. Lakini kinga hiyo yapatikana kwa chumvi kidogo. Waganga wa ulimwengu wanaopigania iodi ndio haohao wanaotuambia tupunguze chumvi, nao hawaoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

5. "Mawese ndiyo yenye hatia."

Mawese yakizidi yanenepesha mtu na kuongeza mafuta mabaya katika damu, basi tuyapime. Lakini mawese mekundu yana faida kwa macho ya watoto, tena hayana chumvi. Tusimfunge mtu mmoja ili mwingine apite mlangoni.

6. "Bwana Yezu mwenyewe alisifu chumvi."

Aliitumia kuwa mfano, akiwafundisha watu wenye kupika. Kila mama ajua kwamba chumvi ni nzuri kwa kipimo, na kwamba chungu kilichozidishwa chamwagwa. Tusijifiche nyuma ya Injili ili tutetee ulimi wetu.

7. "Chakula bila chumvi nyingi ni cha wagonjwa. Mke akinipikia hicho, sili."

Wanaume, neno hili ni letu, na ndilo baya kuliko yote. Mama amekwenda kupimwa, mganga amemwambia apunguze chumvi. Arudi nyumbani, nasi twakataa. Basi afanye nini? Apike vyungu viwili kwa makaa ya bei ya leo? Atapika kimoja, kile chetu, naye atakila, kwa kuwa hawezi kupigana kila siku kwa ajili ya mboga. Na mwanamume akiwa ndiye mgonjwa, apikiwa kisahani chake peke yake, akila pembeni kama mtu aliyetengwa, na juma la pili arudi kwenye sahani ya wote. Twasema: mgonjwa asipewe chungu chake. Nyumba nzima ishike chungu kimoja chenye chumvi kidogo. Aliye mzima hatapata hasara yo yote, na watoto watazoea mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Ulimi nao hufundishika. Baada ya majuma machache mchuzi wa zamani utamwunguza mdomo yeye yule aliyeulilia.

8. "Kuna dawa ya mizizi inayomaliza presha kabisa."

Wauzaji wa chupa wasimama sokoni na kwenye vituo vya magari, wakipaza sauti kwamba siku 7 zatosha, na kwamba vidonge vya hospitali vyaharibu mwili. Twawalaumu bila kuwaficha: mtu anayemwambia mgonjwa aache dawa zake amwelekeza kaburini, na fedha amekwisha kupokea. Presha kwa kawaida haiponi kwa juma moja. Aliyeandikiwa vidonge avimeze kila siku, hata akijisikia mzima, wala asiviache pasipo mganga. Chakula chasaidia dawa; hakichukui mahali pake. Na mama mjamzito mwenye presha asikae nyumbani akihesabu chumvi: aende kupimwa upesi, kwa maana ugonjwa wake ni wa namna nyingine na wa hatari.

CHUMVI YAINGILIA WAPI?

Bukari yetu yenyewe haitiwi chumvi. Adui aingia kwa milango mingine. Wa kwanza ni mkono wa mpishi, na mkono wa yule anayeongeza chumvi mezani kabla ya kuonja. Wa pili ni makayabo na samaki wengine wa chumvi. Wa tatu ni vile vidonge vya mchuzi vinavyouzwa kimoja kimoja, vimefungwa karatasi ya kung'aa. Nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi tupu. Kidonge cha gramu 4 chenye nusu chumvi chaleta gramu 2. Mama atia viwili, kisha atia na chumvi ya kawaida, kisha makayabo yamo ndani. Mlango wa nne ni mkate wa kila asubuhi mjini. Wa tano ni ile magadi ya dukani itiwayo na wengine katika sombe ili ilainike upesi: nayo ina sodiamu, ileile madini inayotudhuru katika chumvi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ndiyo kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu vyote. Watu wa ulimwengu kwa wastani wala kama mara mbili ya hiyo. Tufanye hesabu ambayo kila nyumba yaweza kuifanya pasipo mganga. Nyumba ya watu wazima 6, kila mmoja gramu 5, yatumia gramu 30 kwa siku. Kilo 1 ya chumvi basi yapasa ikae siku 33. Wakiwamo watoto, ikae zaidi. Na kama makayabo na vidonge vyaingia chunguni, ikae zaidi tena. Andikeni tarehe juu ya mfuko siku mnayoufungua. Ukiisha baada ya majuma mawili, mmepata jibu la swali mlilouliza penye kilio.

TUFANYE NINI?

Makayabo yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, kisha yapikwe bila kuongeza chumvi. Vidonge vya mchuzi viachwe, au kimoja kishike mahali pa chumvi, visiwe vyote pamoja. Ladha tuipate kwa kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu, tangawizi na karanga zilizotwangwa. Chupa ya chumvi iondoke mezani. Lenga-lenga, matembele, sombe, maharagi, viazi vitamu, ndizi, avoka, papai na machungwa virudi katika sahani, kwa kuwa ndimo ilimo potasiamu ile waliyopungukiwa wale wahamiaji wa Nairobi. Tena majani yasichemshwe na maji yake kumwagwa, maana potasiamu hutoka pamoja na maji. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye amwulize mganga kwanza. Na lutuku iachwe, maana pombe yapandisha presha, ijapokuwa haina chumvi.

Je, kazi hii yafaa, au ni maneno matupu? Huko Marekani waganga waliwalisha watu chakula chenye matunda mengi, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wakatangaza mwaka wa 1997 kwamba kwa wenye presha hesabu ya juu ilishuka kwa 11 hivi, bila dawa. Mwaka wa 2001 wakaonyesha kwamba chumvi ikipunguzwa, presha yashuka zaidi. Mtasema Marekani ni mbali. Basi twende Ghana: katika vijiji 12 vya Ashanti watu walifundishwa kupunguza samaki wa chumvi na vidonge vya mchuzi, na kuloweka samaki usiku kucha; na habari zao za mwaka wa 2006 zaonyesha kwamba kadiri mtu alivyopunguza chumvi, ndivyo presha yake ya juu ilivyoelekea kushuka. Na Uchina, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 walifuatwa miaka kama 5. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Mwaka wa 2021 ilitangazwa kwamba katika vijiji hivyo kupooza kulipungua kwa 14 katika kila 100. Hao nao ni wanavijiji, wapikao juu ya meko yao.

Lakini si haki kumtwika mama mzigo wote. Anayetengeneza kidonge na anayeoka mkate nao wana mkono katika chungu. Afrika Kusini ilitoa sheria mwaka wa 2013, ikaanza kushika mwaka wa 2016, yenye kuweka mpaka wa chumvi katika mkate, katika soseji, hata katika vidonge vya mchuzi. Vyakula vingi vya maduka ya Katanga vyatoka huko. Kama nchi ile iliweza kuwaambia wenye viwanda, "Mwisho wenu ni hapa," wakubwa wetu wangoja nini? Na sisi wenye kuandaa karamu za jubilei na za komunyo ya kwanza, tuanze kwetu: chakula tunachowapa watu mia tatu siku moja kisiwe somo la kuua.

Ndugu wasomaji, mwenye miaka kupita 30 aende kupimwa. Kupimwa hakuchomi, na mahali pengi ni bei ya chupa moja ya bia au hata kidogo kuliko hiyo. Wenye kipimo katika vituo vya afya waje siku ya Jumapili baada ya Misa, nasi tutawapangia watu mstari. Na siku mtu akianguka katika mtaa wetu, apelekwe hospitali upesi, pasipo kupitia kwa mpiga ramli. Akifa, tumlilie, tumzike, tuwaulize watoto wake: "Ninyi mmepimwa?" Yule mjane aliye nyuma ya nyumba aachwe akae kwa amani. Huenda yeye ndiye anayekumbuka jinsi mboga zilivyopikwa zamani, chumvi ilipokuwa ghali.